Meza ya Kwanza Karibu na Sufuria

Jumapili ya pili ya Januari, saa moja asubuhi, ukungu ulikuwa umeliangukia Lango la Delhi hapa Lahore hata punda wa wauza mboga wakaonekana masikio tu. Chini ya lango alisimama Tabinda binti Yaqub, amevaa kamizi ya rangi ya ganda la kitunguu, shali nyeusi ya sufi na raba zilizokwisha kuzoea mawe ya vichochoro vyetu. Mbele yake walijipanga walimu wa kike kumi na mmoja waliofika na treni ya jana kutoka Bahawalpur. Mkuu wao alikuwa Bi Kaneez, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, ambaye tangu kituoni alikuwa akiuliza watakula saa ngapi.

Kazi ya Tabinda ilikuwa hiyo, kuwatembeza wanawake waliokuja mjini bila mume wala kaka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kikaratasi chake cha ushauri kilichopigwa chapa pande mbili, na sauti isiyohitaji kipaza.

"Mikoba ikae tumboni, siyo begani," aliwaambia. "Mtu akisema 'msikiti umefungwa leo, njooni niwaonyeshe pengine', mwitikieni salamu mpite. Na mkifika mahali pa kula msisome ubao. Tazameni nani anakula. Mkiona wapagazi na makarani wa mahakama wamebanana meza moja, hapo kaeni."

"Na sisi tutakaa?" aliuliza Bi Kaneez.

"Mtakaa," alisema Tabinda, ingawa hakuwa na hakika.

Aliwaonyesha kwanza vigae vya Msikiti wa Wazir Khan, kisha akawaingiza kichochoro cha nyuma, kwenye duka la nihari la marehemu Haji Siraj. Mimi nimezaliwa vichochoro vitatu kutoka hapo, na naweza kuapa kwamba harufu ya nyama ile ya muundi, inayotokota usiku kucha kwenye sufuria ya shaba iliyofukiwa nusu ardhini, humwamsha mtu kabla ya adhana. Lakini mama yangu hakuwahi kuingia mle, wala mama wa mtu yeyote ninayemjua. Wanawake walihudumiwa kwenye kidirisha cha pembeni, wakafungiwa chakula, wakaenda zao.

Mhudumu wa siku nyingi, Mzee Boota, aliwanyoshea kidole kuelekea dirishani. Tabinda akaomba kumwona mwenye duka. Akatoka Naufal, mwana wa marehemu, mrefu, miaka thelathini na miwili, mikono ya kamizi imekunjwa, macho mekundu kwa moshi, upawa bado mkononi. Alieleza kwa adabu kwamba ni sheria ya baba yake, si dharau. Duka ni dogo, wanaume wanakaa goti kwa goti. Dirishani wataongezewa uboho.

"Sheria ya baba yako inaishia mlangoni?" aliuliza Tabinda.

"Naam."

"Na kile kibaraza cha duka la vitambaa hapo ng'ambo?"

"Mwenyewe hafungui Jumapili."

"Basi tuletee hapo sahani sita, mikate ishirini na limau za kutosha. Sahani, kaka yangu, siyo mifuko."

Wakaketi kibarazani, shali zao za kila rangi zikauchangamsha ukungu, wakala mbele ya macho ya wanaume wote waliokuwa ndani. Mikate alileta Naufal mwenyewe. Akarudi na limau. Akarudi tena na tangawizi iliyokatwa nyuzi nyuzi, ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Huna mhudumu?" aliuliza Tabinda.

"Ninaye. Ana miguu mibovu."

Mzee Boota, aliyekuwa nyuma yake, aliitazama miguu yake kwa mshangao.

Naufal aliuliza kwa nini watu kumi na wawili wameagiza sahani sita. Tabinda akamjibu kuwa mahali pageni unaagiza nusu ya vichwa, kisha unaongeza. Aliyeagiza zote hawezi kurudisha. Naufal akacheka, akaomba kikaratasi kimoja. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu.

Jumanne adhuhuri simu ililia Tabinda akiwa anamenya njegere nyumbani kwao.

"Naomba ushauri," ilisema sauti ya mwanamume. "Mtu ana siku moja tu ya kuitembea Lahore. Aanzie wapi?"

"Inategemea anatoka wapi."

"Hatoki mbali. Kichochoro cha nyuma ya msikiti."

Tabinda aliacha njegere. "Wewe ni yule wa sheria."

"Mimi ni yule wa mikate."

Walizungumza mpaka mama yake Tabinda akaja kuziangalia njegere mwenyewe. Naufal alimweleza kwamba baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo anaamka saa tisa usiku kwa ajili ya sufuria na adhuhuri analala. Ndani ya msikiti ule hajawahi kuinua macho. Mnara hajaupanda. Ile hamamu ya kifalme, nyumba ya kuogea ya kale iliyokarabatiwa pale langoni, husikia tu wateja wakiisimulia huku wakifyonza mifupa.

"Alhamisi saa tano," alisema Tabinda. "Vaa viatu vya kuvua upesi. Na ule kwanza, mwenye njaa hatazami kitu."

Alhamisi Naufal alikuja na kamizi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakaza, kizibao cha kahawia, na nywele za mafuta. Sabuni ilikuwa imepigana na moshi na kushindwa. Tabinda akamwuliza kama anakwenda kutembea au kuoa. Naufal akasema inategemea matembezi yatakavyokuwa, kisha akaona haya kwa alichokisema, akatangulia njia isiyo yenyewe.

Tabinda alimwonyesha maua ya vigae, kila jopo na rangi yake. Alimwonyesha dari za hamamu. Mwisho wakapanda mnara, ngazi zile za giza zinazozunguka, na juu kabisa akamwambia alitafute duka lake. Naufal akatafuta muda mrefu mpaka akauona mstari mwembamba wa moshi katikati ya mapaa elfu.

"Nimekaa chini ya moshi ule miaka kumi na mitano," alisema, "nikidhani ndio mji wote."

Tangu hapo kila Alhamisi ikawa yao. Walikula samaki wa kukaanga wamesimama, walikunywa maziwa ya mgando kwenye bilauri ndefu kuliko mkono. Naufal alimfundisha kwamba nihari haikorogwi, tangawizi inatangulia na limau linakamuliwa mwisho. Tabinda alimfundisha kwamba jengo kubwa linatazamwa kwanza kutoka mbali na mgongo ukiwa kwenye ukuta, ndipo lisogelewe. Katikati ya wiki waliongea kwa simu. Tabinda alimwita Bwana Sheria, naye akaitwa mwongozaji wangu, na baada ya muda, bila yeyote kutangaza, akaitwa mpenzi.

Alhamisi ya saba walikuwa bustani ya Shalimar, mabirika hayana maji, kunguru wamejaa. Naufal alisema kwamba siku sita za wiki anaisubiri Alhamisi tu. Tabinda akaukunja na kuukunjua upindo wa shali.

"Na mimi siku sita," alisema, "natunga sababu za kupita kichochoro chenu."

Mapema mwezi wa tatu Naufal akamwambia ana kitu cha kumwonyesha. Alimpitisha ngazi za nyuma ya duka, akafungua mlango mpya. Kile chumba cha juu kilichokuwa cha magunia ya unga kilikuwa kimepakwa rangi ya samawati, kimetandikwa mito na mazulia, kimewekwa mapazia mazito. Ngazi ilikuwa na mlango wake wa uani, wenye kufuli, mwanamke aingie na kutoka bila kuonwa na mtu. Alikuwa ameifanya kazi ile wiki tatu kwa mikono yake, adhuhuri, saa zake za kulala.

Tabinda alizunguka chumba, akagusa mto, akaenda dirishani. Dirisha lilitazama ukuta.

"Hujapenda rangi?" aliuliza Naufal.

"Rangi nzuri. Sufuria wataionaje wakiwa huku?"

"Watapandishiwa chakula."

"Chakula hata dirishani wanapewa, Naufal. Watu wanakuja ili wakae pale inapofunuliwa, mvuke uwapige usoni, wagombee mfupa na mtu wasiyemjua. Hiyo ndiyo safari yenyewe. Hapa umenijengea stoo yenye mapazia."

Neno hilo lilimchoma Naufal. Alikuwa amebeba magunia arobaini begani. Alikuwa amegombana na baba yake mdogo, Haji Latif, mwenye nusu ya duka, ambaye hata chumba hicho aliona ni aibu. Naye akajibu kwa uchungu.

"Wewe unaunyooshea mji kidole, saa sita unaondoka na wageni wako. Mimi nabaki na hawa watu. Wewe unapita tu, Tabinda."

Tabinda alijitanda shali vizuri, akasema ahsante kwa kumwonyesha, akashuka kwa ngazi za uani. Hakupiga mlango wala hakugeuka nyuma.

Zikapita wiki sita. Tabinda alichapisha kikaratasi kipya ambacho duka lile halimo, na kila simu ilipolia aliitazama kabla ya kuishika, akavunjika moyo, akawaeleza wageni kwa sauti yake ileile wapi pa kula. Naufal naye alizidi kukonda. Siku moja alitia chumvi mara mbili, sufuria nzima, na makarani wa mahakama wakaondoka wakitafuta maji. Mzee Boota, ambaye hakuzoea kuficha kitu, alikwenda kumweleza mama wa kijana.

Chumba cha samawati kilikaa kitupu. Waliwahi kuja wanawake wawili, wakala haraka kama wezi, hawakurudi. Hatimaye Naufal akaona angalau mama yake akione. Bi Hajra alikuwa na miaka hamsini na minane. Tangu alipoletwa bibi harusi, kila alasiri alikuwa akikaanga, akitwanga na kuchanganya viungo vya sufuria ile uani kwake, kwa vipimo ambavyo hakumwonyesha mtu.

Alipanda ngazi polepole, akaketi juu ya mto, akasifu mapazia. Kisha akatazama huku na huku.

"Sufuria iko wapi?"

"Chini, mama."

"Nimeichanganyia viungo miaka thelathini na minane," alisema Bi Hajra, bila hasira. "Baba yako alikuwa akiniletea iliyobaki kwenye ndoo, imepoa, uboho umekwisha. Wewe nawe ukaendelea vilevile. Sijawahi kuiona ikifunuliwa. Nilidhani leo umeniitia hilo."

Naufal aliketi sakafuni. Alimwuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Nimwambie nani? Hakuna aliyeniuliza."

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Naufal aliingia dukani kwa mlango wa mbele amemshika mama yake mkono. Akamkalisha meza ya kwanza karibu na sufuria. Mfanyabiashara mmoja wa ngozi, Hakim Din, mwenye ndevu za hina, aliacha mkate wake nusu akatoka. Mwingine akageuza kiti. Lakini karani mmoja mzee akasimama, akamwamkia Bi Hajra kwa heshima, akasogeza bakuli la limau karibu yake.

Haji Latif aliitwa, akaja akihema. Alisema ndugu yake huko kaburini anaona haya.

"Baba mdogo," alisema Naufal, "huyu ndiye mjane wake. Mwambie yeye."

Haji Latif akamtazama shemeji yake. Bi Hajra alikuwa ameshachovya mkate, macho ameyafumba, mvuke usoni. Haji akamgeukia Naufal akasema kwamba Jumapili wateja ndio watakaoamua. Wakipungua, wanagawana duka, na kibao chenye jina la Siraj kinashuka.

Bi Hajra alimaliza sahani yake, akajifuta vidole kimoja kimoja. Alisema peke yake pale amekuwa maonyesho. "Mlete yule msichana na watu wake."

"Msichana gani, mama?"

"Aliyekufanya utie chumvi mara mbili."

Naufal alipiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena. Mara ya tatu Tabinda aliipokea kwa sauti ya kazini, akiuliza amsaidie nini.

"Nataka kumwandikisha mgeni mmoja," alisema Naufal. "Mama wa miaka hamsini na minane. Amezaliwa humuhumu mjini, hajatembezwa."

"Atakula wapi?"

"Meza ya kwanza karibu na sufuria. Ameshakaa leo asubuhi. Anataka wenzake."

"Nani kamkalisha?"

"Mimi. Mlango wa mbele." Sauti ya Naufal ilikuwa imeshuka. "Tabinda, kile chumba nilikijenga ili nisibishane na mtu. Nilikuwa nakuficha, nikajidanganya kwamba nakukirimu. Nimekosa, nisamehe."

Tabinda alikuwa barabarani, bajaji zikipiga honi nyuma yake, na mkono wake wa pili ulikuwa umeushika ukuta.

"Ulibeba magunia arobaini," alisema, "nami sikukwambia hata pole. Nisamehe na mimi."

"Ulijuaje ni arobaini?"

"Mzee Boota ananipigia simu kila Ijumaa, mpenzi. Ulidhani ni wewe tu unayepewa habari?"

Naufal akamweleza maneno ya Haji Latif na kibao cha marehemu. Tabinda akahesabu siku zilizobaki. Zilikuwa nne. Naufal akauliza atakuja na wangapi.

"Wewe pika," alisema Tabinda.

Siku nne hizo simu yake haikupoa. Aliwapigia wanawake wote aliowahi kuwatembeza. Aliwaambia wauguzi, wasichana wa chuo, shangazi zake watatu ambao tangu zamani wanamsema kwa kazi yake. Bi Kaneez alijibu kutoka Bahawalpur kwamba anapanda treni na shule nzima, na kwamba safari hii haagizi nusu ya vichwa.

Jumapili kulikucha kweupe, hakuna ukungu. Saa kumi na mbili na nusu wakaingia kwa Lango la Delhi, Tabinda mbele na kamizi ya njano ya maua ya haradali na mtandio mweupe, nyuma yake mstari wa wanawake mpaka hamamuni. Wauza mboga waliacha kupima wakatazama. Hapakuwa na aliyecheka wala aliyekimbia. Walitembea kama watu wanaokwenda kwao.

Ndani, makarani walikuwa wameshafika. Hakuna aliyejua watafanya nini. Yule karani mzee akasimama kwanza, akasogea mwisho wa benchi, akaonyesha nafasi. Wenzake wakasogea. Mlangoni akatokea Hakim Din wa ngozi, uso umemwiva, na nyuma yake mkewe, mwanamke mfupi mwenye macho makali, ambaye alieleza bila kuulizwa kwamba nihari hii ameinusa kwenye ndevu za mumewe miaka ishirini na leo amekuja kuionja.

Naufal alimwita mama yake, akampa kitambaa cha kushikia, akamwambia kifuniko ni chake. Bi Hajra akakata unga uliokandwa ulioziba ukingo, akafunua. Mvuke ukapanda mpaka darini. Watu wote, wanaume kwa wanawake, wakavuta pumzi.

"Imetoka vizuri," alisema Bi Hajra, na duka likalipuka kwa vicheko.

Haji Latif alifika saa moja kushuhudia duka likifa. Alikuta foleni imepinda kona ya msikiti. Akajipenyeza mpaka ndani, akafungua kinywa, na Mzee Boota, jasho likimtiririka, akamtwika kapu la mikate akamwambia meza ya dirishani wanangoja. Haji alisimama nalo kidogo. Kisha akaenda. Alipopita chini ya kibao cha ndugu yake alikitazama, akamwuliza Bi Kaneez kama anataka mkate wa moto au wa kawaida.

Tabinda hakuwa amekula. Alikuwa akipanga watu, akiwaelekeza wageni wachovye kwa mkono gani, mpaka Bi Hajra alipomshika kiganja akamketisha kando yake, meza ya kwanza.

"Mwanangu, mimi sijui kuzungukazunguka," alisema. "Nina mtoto mmoja. Anaamka saa tisa usiku, ananuka moshi, na akihuzunika anaharibu chumvi. Nataka nije kwenu kumposea. Nije au nisije?"

Meza za karibu zikageuka, kisha za mbali. Naufal alisimama na upawa hewani, mchuzi ukidondoka kiatuni.

Tabinda alimtazama. "Na Bwana Sheria mwenyewe anasemaje?"

"Nasema nakutaka," alijibu Naufal mbele ya watu wote, makarani, walimu na baba yake mdogo. "Na kazi yako usiiache hata siku moja kwa ajili yangu."

Machozi yalimjia Tabinda, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akasingizia pilipili.

"Njoo Alhamisi, mama," alisema. "Baba ana meno mabovu, nyama iwe laini. Jibu lake tutalisikia huko. Langu mimi ni ndiyo, na nalisema hapahapa."

Walimu wa Bahawalpur wakapiga makofi mpaka kuta za duka zikarudisha mwangwi, na Hakim Din, ambaye mkewe alikuwa amekwisha kumpokonya mfupa, akaanza kuwapongeza watu asiowajua.

Sufuria ilikwisha saa mbili na dakika kumi. Katika maisha yangu yote mtaani hapa sijawahi kuona ikiisha mapema hivyo. Wanaume waliozoea kuchelewa Jumapili, waliokuja na magari kutoka mitaa mipya, walimkuta Mzee Boota amesimama mlangoni, kifua mbele, kama aliyeshinda vita.

"Imekwisha," aliwaambia. "Dada zenu wameimaliza. Wiki ijayo wahini."